Siku moja maishani mwangu: jina la herufi 24

Saa 2:30 asubuhi. Programu ya C inasoma majina kutoka kwenye faili. "Asha" linapita. "Mwanakombo Hamisi Bakari" linaiangusha ndani ya free(), amri ya kuachia kumbukumbu. Kabla ya kuanza kukisia, najenga upya na AddressSanitizer (ASan), kifaa cha gcc kinachonasa makosa ya kumbukumbu:

gcc -g -O1 -fsanitize=address majina.c -o majina

Saa 3. Ripoti inasema strcpy, inayonakili maandishi, imeandika baiti 25 kwenye kipande cha kumbukumbu cha baiti 24, na inataja mistari miwili: ulioandika na uliotenga. Mstari uliotenga ndio wenye kosa:

char *p = malloc(strlen(jina));

malloc hutenga kumbukumbu; strlen huhesabu herufi, lakini haihesabu sifuri ya kufungia, baiti inayoonyesha mwisho wa maandishi. Dawa ni strlen(jina) + 1.

Kwa nini "Asha" lilipita? Kwenye Linux ya biti 64, malloc ya glibc (maktaba ya C) hutoa vipande vyenye nafasi ya baiti 24, 40, 56 na kuendelea. Ukiomba 4 unapewa 24, hivyo sifuri iliyozidi inaangukia mahali patupu. Jina la herufi 24 linajaza kipande chote, na sifuri inafuta sehemu ya ukubwa wa kipande jirani. Jirani huyo anapoachiwa, free() inagundua uharibifu na kusimamisha programu, mbali kabisa na strcpy. Ndiyo maana kuukodolea macho mstari wa free() ni kupoteza asubuhi nzima.

Saa 5. ASan husimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo naendesha tena. Sasa ni kitanzi cha kufuta orodha: free(n); n = n->next; yaani kusoma kilichokwisha kuachiwa. Nahifadhi n->next kwanza, ndipo naachia.

Saa 8 mchana. realloc, inayobadilisha ukubwa wa kipande, ndiyo mjanja kuliko wote. Jedwali likikua huenda likahamishwa, na pointa (anwani ya kumbukumbu) yoyote ya zamani inabaki ikielekeza kwenye kiwanja kisicho chetu tena. Data ikiwa ndogo mara nyingi halihami, majaribio yanapita. Natunza namba ya nafasi badala ya pointa, na jibu la realloc naliweka kwanza kwenye pointa ya muda: likiwa NULL, yaani imeshindwa, jedwali la zamani bado ninalo.

Saa 10. Najenga bila ASan, maana haipatani na Valgrind, kifaa kingine cha kukagua kumbukumbu:

valgrind --leak-check=full --track-origins=yes ./majina

Ni polepole mara kadhaa, lakini inanasa thamani zisizowekwa chochote, ambazo ASan haizioni.

Saa 11 jioni. Naongeza majaribio ya majina yenye herufi 23, 24, 25 na 40.