Kutwa mara mbili, na maneno mengine mama aliyokuwa anayasikia vingine

Baridi la mwezi wa sita Mbeya mnalijua wenyewe, hapa Uyole unafungua mlango asubuhi ukungu umeziba mpaka geti la jirani halionekani, na ilikuwa asubuhi kama hiyo mama akaniita chumbani kwake anasema kichwa kinamgonga kisogoni na akisimama anaona giza. Nikamvalisha sweta juu ya sweta, tukaita bajaji mpaka hospitali. Kupimwa, 190 kwa 110. Nesi akaangalia mashine, akamwangalia mama, akauliza taratibu, "Mama, dawa za presha unameza?" Mama akajibu bila wasiwasi wowote, "Nilishaacha tangu Pasaka mwanangu, daktari mwenyewe aliniambia presha imekaa sawa."

Miguu iliniisha nguvu. Mi ndo nilikuwa nanunua zile dawa, nikiuliza "mama umemeza?" anaitikia "ee," kumbe anajumlisha na za mwaka jana. Na hakuwa anadanganya ili aniudhi, kwake yeye habari ilikuwa imeisha, mtu akikwambia kitu kimekaa sawa si ndo kimepona?

Hapo ndo nilipoanza kuyaogopa maneno ya hospitali, hata yale ya Kiswahili kabisa. Daktari alisema kweli na mama alisikia vizuri, ila kila mtu alikuwa na maana yake. Presha imekaa sawa maana yake dawa inafanya kazi, sasa endelea nayo. Yule nesi alimwelewesha vizuri sana, akamwambia, "Mama, usiku ukijifunika blanketi ukasikia joto, unaliondoa kwa sababu baridi limeisha?" Mama akacheka, akasema hapana, baridi bado lipo nje. Nesi akamwambia basi na presha bado ipo. Tangu siku hiyo sijamkumbusha tena kumeza.

Na kilichomponza zaidi ni kwamba tangu Pasaka alikuwa anajisikia mzima kabisa, analima bustani yake ya viazi, anaenda kanisani kwa miguu. Presha ya juu mara nyingi haina dalili yoyote, inaharibu mishipa, moyo na figo kimyakimya, kwa hiyo kusema "sijisikii vibaya" sio kipimo. Kipimo ni mashine.

Tukiwa bado kwenye mashine, zile namba mbili. Mtaani kwetu wengi wanaamini ya juu ni presha ya kupanda na ya chini ni presha ya kushuka, kama magonjwa mawili kwenye mwili mmoja, nimeshasikia mtu anasema "mi nina zote mbili." Ni presha hiyohiyo moja. Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa pale moyo unapokaza kuisukuma, ya chini ni nguvu inayobaki moyo ukilegea kabla haujapiga tena. Mtu mzima ikiwa karibu na 120 kwa 80 ni nzuri, ikifika 140 kwa 90 na kwenda juu, na ikarudi hivyohivyo siku nyingine ukipimwa, hapo ndo wanakwambia una presha.

Sasa kuna kitu sisi wa huku kwenye baridi inabidi tukijue. Ule mkanda unatakiwa ukae kwenye mkono mtupu, sio juu ya sweta, na ukilipandisha sweta zito mpaka likabana juu ya kiwiko nalo linaharibu majibu. Vua mkono mmoja kabisa, baridi utalivumilia dakika mbili. Afu usipimwe ukiwa umetoka kupanda mlima unahema, kaa kwanza dakika 5, miguu chini, usiongee, na kama umebanwa mkojo nenda kwanza chooni. Mama huwa anapiga stori na nesi huku mkanda unajaa upepo, nimemkataza.

Tukapewa dawa mpya, kibahasha kimeandikwa kwa peni 1x2. Mama alisoma zamani hesabu za kuzidisha, akaniambia "moja mara mbili ni mbili, basi nameza mbili." Jamani! Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku, kwa hiyo 1x2 ni kimoja asubuhi na kimoja usiku, na 2x3 ni viwili viwili mara tatu, vyote sita kwa siku. Nilipomwelewesha hivyo akasema ah, kumbe ni kutwa mara mbili, nikashukuru, kumbe tatizo lingine hilo. Kwa mama kutwa ni mchana, jua likizama kutwa imeisha (na ndo Kiswahili chenyewe, huwezi kumlaumu), kwa hiyo akawa anapanga kimoja na chai, kingine saa 10 jioni akitoka shambani. Ile kutwa ya hospitali ni siku nzima na usiku wake, masaa 24. Mara mbili ni kila baada ya masaa 12. Mara tatu ni kila baada ya masaa 8, mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukizibananisha zote mchana, usiku mwili unabaki bila dawa.

Ipo na ya sukari. Ukiambiwa kesho uje hujala, na chai ni kula. Huku kwetu mtu hawezi kutoka na baridi lile bila kikombe cha chai ya maziwa, na chai haihesabiki kama chakula, basi anafika anasema sijala na majibu yanatoka juu. Maji matupu ndo ruksa. Na hiyo ya hujala, ikisoma 7 au zaidi ndo wanaanza kuzungumzia kisukari, ila watarudia tena kupima.

Negativu maana yake walichokuwa wanakitafuta hawajakiona, basi. Pozitivu wamekiona. Shangazi yangu aliwahi kulia maabara kwa kusikia negativu.

Wajomba wa Kyela, kule chini ziwani mbu hawalali kama huku juu, utasikia "nimekutwa na malaria tano," mwingine "mi mbili tu," kama magoli. Ile namba ni wadudu waliohesabiwa kwenye damu uliyotolewa, sio aina za malaria, na mwenye mbili anaumwa malaria kama mwenye tano, wote wanamaliza dozi. Mseto, ile dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, vinne kila mara, na ile mara ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza. Kuwekea jirani vilivyobaki sio wema.

Neno lililomuumiza mama kuliko yote lakini ni sugu. Aliambiwa presha ni ugonjwa sugu, akanyamaza njia nzima mpaka tunashuka kwenye bajaji, nyumbani ndo akaniuliza kama amebakiza muda gani. Sugu walimaanisha wa kudumu, unakaa nao miaka na miaka ukiwa unautunza, kuna watu wamekaa nao miaka 30 wanalima na kucheza na wajukuu. Nilikaa naye jikoni nikamrudia hilo mara tatu, mpaka akaacha kukunjakunja ncha ya kanga.

Mwezi uliopita tulirudi kliniki. Alivua mkono wa sweta mwenyewe kabla hajaambiwa, akakaa kimya, ikasoma 132 kwa 84. Nesi akasema imekaa sawa. Mama akamjibu, "Basi niandikie nyingine," na kwenye kibahasha akamwomba aandike saa zenyewe, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, akakitundika kwenye msumari karibu na redio. Taarifa ya habari ikianza tu, anainuka kufuata maji.