Siku Moja na Kereng'ende wa Amani

Saa 12 asubuhi. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na baridi ya hapa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, haina adabu. Nakunywa chai na viazi vitamu, navaa gambuti. Haraka ya nini? Ninayemfuata haonekani mpaka jua lipande, kwa hiyo asubuhi yangu ni ya maji.

Saa 2. Kijitoni. Natumbukiza kipimajoto, naandika, nachutama nione kama maji ni meupe au yameingia tope. Kusimulia kazi hii kunachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Kereng'ende tunayemlinda, Amanipodagrion gilliesi, hukulia majini kabla ya kuota mabawa, na dunia nzima anajulikana kutoka milima hii tu. Miaka ya karibuni kumbukumbu za kuonekana kwake zinatoka kwenye kijito kimoja cha msitu wa Amani-Sigi. Kikiharibika hiki, hana pa kuhamia.

Saa 4 na nusu. Jua limepenya. Huyo hapo! Dume, amening'inia kwenye kijiti kivulini, mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Jina lake la pili linatokana na Mick Gillies, aliyekuwa akitafiti mbu wa malaria hapa Amani. Elliot Pinhey akamwelezea kisayansi mwaka 1962. Mtu wa mbu, akaachia jina lake kereng'ende.

Saa 6. Nakagua kivuli, na hapa ndipo penye ubishi. Maesopsis eminii, mti uliopandwa huku na wageni, umejipenyeza kila palipokatwa miti. Ndege aina ya hondohondo wanapenda matunda yake, wanakwenda kudondosha mbegu msituni. Hakuna mfanyakazi wa kitalu anayewafikia kwa bidii. Wapo wanaosema ikatwe yote. Mimi sikubali, angalau si kando ya kijito. Ukiangusha mikubwa kwa mkupuo, jua linapiga maji moja kwa moja, na mdudu wa kivuli unamwua kwa jina la kumwokoa. Tung'oe miche yake kwanza, tuache miti ya asili ikue, mikubwa ifuate polepole.

Saa 8. Njiani nakutana na mama mmoja mwenye shamba la iliki nje ya mpaka wa hifadhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdudu wenu hajambo?"

Namwambia hajambo, na kwamba maji yake ndiyo yanayoshuka Mto Sigi hadi bwawa la Mabayani, wakayanywa watu wa Tanga mjini. Nimezoea hoja hiyo kuwanyamazisha watu.

"Wa Tanga wanalipia maji," akasema. "Sisi tunaoambiwa tusikate mti, tunalipwa nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Wachimba dhahabu waliowahi kuchimbua vyanzo vya Sigi nao walikuwa na njaa, ingawa tope lao halikumhurumia mtu.

Saa 10. Wageni wawili. Wanataka vinyonga, kisha ua la Saintpaulia. Kereng'ende nawaonyesha kwenye picha tu; kijito si pa kukanyagwa na kila mwenye kamera.

Saa 1 usiku. Nanakili vipimo vya leo daftarini. Mwaka 2012 huyu mdudu aliwekwa kwenye orodha ya spishi 100 zilizo hatarini zaidi duniani, wakakadiria hawafiki 500. Heshima kubwa, lakini orodha haing'oi miche. Kesho tunaing'oa na vijana wa kijijini. Yule mama ameahidi kumleta mwanawe, kwa sharti kwamba chakula cha mchana kiwepo na kisiwe ugali mtupu. Nimeshaagiza maharage.