Lacock: ukuta mmoja, nyumba nyingi

Nilishuka treni Chippenham, nikapanda basi la Lacock, kijiji kidogo cha Wiltshire, Uingereza. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Baba yangu ni fundi mwashi, na nimerithi kwake tabia ya kutazama ukuta kabla ya kitu kingine.

Jumba la Lacock lilianza kama nyumba ya watawa wa kike. Ela wa Salisbury, mjane wa ukoo mkubwa, aliiasisi mwaka 1232, na baadaye yeye mwenyewe akawa mama mkuu. Mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipokuwa akizifunga nyumba za kitawa, nayo ikafungwa. William Sharington akainunua kwa pauni 783. Kanisa akalibomoa, ila ukuta wake wa kaskazini akauacha, ukawa ukuta wa kusini wa makazi yake.

Nilikaa sana chini ya ukuta huo. Pale penye nyasi niliposimama ndipo watawa walipokuwa wakisali. Yaani nilikuwa ndani ya kanisa lisilo na paa.

Sharington aliishi juu. Chini aliziacha baraza za watawa zinazozunguka ua, na matao ya dari yake bado yameshikana. Mnara wa pembe nane kwenye kona ni wake. Ukumbi wa John Ivory Talbot, mmiliki wa baadaye, wa miaka ya 1750, nilipita haraka: unapendeza, lakini umejengwa kwa mtindo wa kale, umevalishwa umri usio wake.

Dirisha ndilo lililonishika. Karibu mwaka 1830 William Henry Fox Talbot, mwenye jumba na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliutoboa ukuta ule ule wa kanisa, akaweka madirisha matatu yanayochomoza nje. Agosti 1835 akalipiga picha dirisha la katikati kutokea ndani, na negativu ile, yaani picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Aliandika kwamba ilipokuwa mpya, mtu mwenye lenzi angeweza kuhesabu vioo kama 200. Nikainama karibu: vioo vidogo vidogo, kila kimoja kimeshikwa na ukanda wa risasi, mwanga ukiingia umekatwakatwa.

Nikalipiga kwa simu, nikamtumia baba Tanga. Jibu halikuchelewa: "Mwanangu, dirisha nimeliona. Sasa hapo walipotoboa, linta yao ni ya nini? Toka nje unipigie picha vizuri."

Nikashuka, nikarudi kwenye nyasi.