Jinsi tulivyookoa mkopo wa nyumba riba ilipofika asilimia 17

Mkopo wa nyumba yetu hapa Mombasa tuliuchukua 2020: milioni 5, miaka 15, riba ya asilimia 13 inayobadilika. Tulikuwa tunalipa Sh63,262 kwa mwezi. Wakati huo kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Kuanzia Mei 2022 kikaanza kupanda, na Februari 2024 kikafika 13. Barua ya benki ikatufikia: riba yenu sasa ni asilimia 17, malipo mapya karibu 75,000.

Afisa wa mikopo akaniambia, “Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Tutawaongezea miaka tu, mlipe kile kile mlichozoea.”

Mimi nafundisha hesabu! Nilitoa simu palepale mezani pake nikapiga hesabu. Deni lililobaki ni takriban milioni 4.5. Asilimia 17 yake ni 765,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, unapata 63,750. Hiyo ni riba peke yake, na sisi tulikuwa tunalipa 63,262. Hata angetupa miaka mia, deni lisingepungua hata senti moja. Lingekua kila mwezi. Nilimgeuzia simu aone mwenyewe. Akaitazama, akaenda kumwita meneja. Najivunia hesabu ile hadi leo, na inanikera kwamba watu wengi wamepewa ushauri huo huo wakatia sahihi.

Shemeji naye alitushauri tujazie pengo kwa mikopo ya simu. Kuzima moto kwa petroli! Benki nyingine ilikuwa tayari kuununua mkopo wetu, lakini ukijumlisha mthamini, wakili na usajili upya wa dhamana, ni pesa nyingi, na riba yao pia ilikuwa ya kupanda na kushuka. Tungehamia hatari ile ile.

Kilichotuokoa ni kupunguza deni la msingi, yaani pesa yenyewe tuliyokopa, bila riba. Gawio la Sacco, zamu ya mume wangu kwenye chama na akiba kidogo vilifika kama laki tatu. Deni likashuka hadi milioni 4.2, riba ya mwezi ikawa 59,500. Tukakubaliana tulipe 70,000 kwa mwezi, na muda ukabaki karibu ule ule wa mwanzo. Lakini andika barua inayosema wazi kwamba pesa hizo zipunguze deni la msingi, ubaki na nakala yenye muhuri. Usipoandika, benki inaweza kuzishikilia kama malipo ya miezi ijayo, na riba inaendelea kuhesabiwa juu ya deni zima.

Naelewa kwa nini benki zilipandisha. Pesa wanazotukopesha kwa miaka 15 ni amana ambazo walioziweka wanaweza kuzidai baada ya miezi mitatu, na mapema 2024 hati fungani za muda mfupi za serikali zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 16. Mwekaji naye anataka kiasi hicho. Riba inayobadilika maana yake hatari hiyo imetoka benki ikaja sebuleni kwangu.

Basi na inaposhuka, ishuke na kwangu! Benki Kuu ilianza kupunguza Agosti 2024, na Agosti 2025 ilikuwa imefika 9.50. Yetu haikusogea hadi nilipowaandikia, nikinukuu kifungu cha mkataba kinachoeleza jinsi riba yetu inavyokokotolewa. Benki Kuu yenyewe ilikuwa imezikemea benki hadharani kwa kuchelewa kupunguza, nami nikalitaja hilo. Imeshuka sasa. Sisi bado tunalipa 70,000, ziada yote inakula deni.

Halafu, ukiwasilisha ritani ya kodi KRA, mamlaka ya mapato, dai nafuu ya riba ya nyumba unayoishi: riba uliyolipa inatolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kikomo kilikuwa 300,000 kwa mwaka. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000.