Mngurumo wa gitaa kwenye rekodi: jinsi nilivyouondoa

Tulikuwa tunarekodi albamu ya roki hapa Shangani, Mtwara, na kila gitaa la umeme lilikuja na "mmmm" nzito isiyokatika. Huo ni umeme wenyewe, unaotetemeka mara 50 kwa sekunde. Amplifaya ilichomekwa soketi moja, kompyuta nyingine, waya za ethi (za usalama, zinazokwenda ardhini) zikafanya mzunguko unaookota mngurumo huo. Nikachomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kompyuta ikatumia betri wakati wa kurekodi. Mngurumo ukapungua sana. (Tafadhali msikate waya wa ethi, mtu anaweza kupigwa shoti akafa.)

Uliobaki ulitoka kwenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja za gitaa la Stratocaster, ambazo hunasa pia mngurumo wa umeme ulio karibu. Mpigaji akajisogeza mbali na amplifaya, akageuka taratibu huku nikisikiliza kwa hedifoni, hadi ukafifia. Tukachora chaki sakafuni alipokanyaga, solo ikaingia safi.