Alichokuwa akiomba Mama

Tangu Jumamosi swali la Mama, mkwe wangu, kuhusu adhabu ya kifo limenikaa kichwani. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: mwenzangu Doto kapata ile kazi ya Geita, binti yetu Neema kang'oka jino la mbele, umeme umekatika mpaka sato wa kwenye friji wakaharibika. Mimi kimawazo bado niko palepale kwenye mteremko wa mawe hapa Kitangiri, Mwanza, tunatoka kusali jumuiya ya Kanisa.

Kilichompata bibi yake Doto, mama yake Mama, nilishaandika. Macho mekundu, ya mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote, yakatosha kumwita mchawi. Wakamkata mapanga kwake Misungwi. Mmoja wao alihukumiwa kunyongwa, na yuko gerezani hadi leo.

Basi Jumamosi mada ilikuwa uhai, mwenyekiti akanisukumia mimi, eti mwalimu. Nikaeleza kwamba mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha aya ya 2267 ya Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki. Mwanzo Kanisa lilikuwa halikatai serikali kumuua mhalifu kama hakuna njia nyingine ya kuwalinda watu. Sasa linasema adhabu ya kifo haikubaliki. Nikakaa. Tukasali, tukatoa sadaka, tukatawanyika.

Njiani Mama akasimama, akajifunga kitenge upya.

"Mwalimu, hayo ya 2018 walitangaza wapi?"

"Roma, Mama."

"Maana mimi kila rais akiapishwa namwombea Mungu ampe nguvu ya kusaini hati ya kunyonga. Kikwete nilimwombea. Huyu wa kwetu wa Chato, Magufuli, ndiyo nilifunga kabisa. Mama Samia pia." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo nilikuwa naomba dhambi?"

Nikamwambia Kanisa limeelewa zaidi. Jibu la semina hilo! Akaitikia "haya," ile haya ya mkwe ambayo huwezi kuijibu, tukapanda mlima kimya. Usiku nalitunga jibu lingine. Nasema Mungu anajua uchungu wako. Nasema hata Yohane Paulo wa Pili, uliyemwona alipokuja Mwanza 1990, aliianza safari hiyo polepole. Kila jibu nikilisikiliza, naona linamtetea Papa tu. Yeye halimgusi.

Nakumbuka 2017, Magufuli alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma akasema wazi kwamba hawezi kusaini watu wanyongwe. Mama alizima televisheni, akachukua ungo, akaanza kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Darasani nafundisha kwamba kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji pa kuchagua: umeua kwa kukusudia, kifo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Yaani jaji anatamka, Ikulu haisaini, Roma inarekebisha aya, kila mmoja kanawa mikono. Mama ndiye kabaki na dua yake, na hakuna aliyemwambia aiweke wapi.

Jumatano kidato cha tatu tukabishana kama sheria ya nchi ifuate dini. Wengi wakakariri ibara ya 3, Jamhuri haina dini, wakadhani wamemaliza. Kijana mmoja wa nyuma akasema: "Mwalimu, kwetu Waislamu ndugu wa marehemu wanaulizwa. Wanataka kisasi, dia yaani fidia ya damu, au wanasamehe." Nikamwambia mahakama zetu hazihukumu jinai hivyo. Akasema anajua, yeye anasema tu kwamba wanaulizwa.

Jioni nikamsimulia Mama. Tonge likaishia njiani.

"Wanaulizwa?"

"Wanaulizwa, Mama."

Akacheka! Kicheko kile cha kupiga paja, sijakisikia tangu Pasaka. "Mimi hata jina langu karani wa mahakama alilikosea!" Akaliendea bakuli la dagaa akalimaliza, akataka kujua huyo kijana ni mtoto wa nani, na mdahalo mwingine ni lini, aje akae nyuma asikilize. Neema akamwambia wageni hawaruhusiwi. Akajibiwa bibi si mgeni.

Wangemuuliza, angesema nini? Mimi sijamuuliza. Nimefurahi mno kuona anakula.

Haya, na mwenye nyumba katuma ujumbe mchana huu, safari hii anataka kodi ya mwaka mzima, na Doto hatalipwa Geita mpaka mwisho wa mwezi ujao.