Nyota za Mawe ya Kisii kwenye Mvinje

Mti wetu wa Krismasi hapa Mombasa ni tawi la mvinje lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga, na mwaka huu hatukuutundikia hata pambo moja la plastiki. Tulianza na nyota za mawe ya Kisii, yale yanayochimbwa na kuchongwa katika mji wa Tabaka huko Kisii, ambayo kwa ulaini wake huchongeka kwa kisu, husuguliwa kwa msasa na maji hadi yawe nyororo, kisha hupakwa nta ili yang'ae. Tatizo ni uzito: nyota ya kwanza niliyoitundika nchani ilikiinamisha kitawi, ikateleza, ikameguka pembe moja sakafuni. Sikuitupa, nimeielekeza pembe hiyo shinani, isionekane. Sasa mawe hukaa chini, na juu nimewaachia malaika wa mkonge pamoja na vikuba vya shanga za Kimaasai vilivyotungwa kwenye waya, ambavyo, kusema kweli, hupendeza zaidi jioni taa zikiwashwa. Mama mkwe anadai tumegeuza sebule kuwa kibanda cha watalii, ingawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza bei ya wale malaika.